Kukausha na Kuhifadhi Mahindi kwa Teknolojia ya Sasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila msimu: kwenye mikutano ya kijiji, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kwenye simu za jamaa walioko mjini wanaotumiwa gunia kutoka nyumbani. Yameanza na ya msingi, mwishoni yapo yanayowapata wachache. Kama muda ni mdogo, soma sehemu ya kukausha, kwa sababu majibu mengine yote yanaiegemea.

## Mambo ya msingi

Ni teknolojia gani hasa iliyobadilisha uhifadhi wa mahindi kwetu?

Nikiambiwa nitaje moja, nitataja mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Chimbuko lake ni Cameroon, mwishoni mwa miaka ya 1980, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wakiongozwa na Larry Murdock, walikuwa wakitafuta namna ya kuokoa kunde za wakulima zisiliwe na wadudu, bila kutumia dawa. Baadaye mfuko huo ukaonekana unafaa hata kwa mahindi, maharage na mtama. Kwetu wengi wanauita mfuko wa kinga njaa, au PICS, na sasa zipo aina nyingine zinazofanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Mfuko haukuja peke yake. Vipo vipima unyevu, vikaushio, vihenge vya chuma, vipimo vya sumukuvu vinavyotoa majibu kwa dakika chache, na hata kuvu asiye na sumu anayemwagwa shambani ili amzuie mwenzake mwenye sumu.

Wazee walihifadhi kwenye vihenge na darini jikoni bila haya yote. Kwa nini sasa tusumbuke?

Njia zao zilikuwa na akili. Moshi wa jikoni ulikausha mahindi na kufukuza wadudu, na mahindi ya mbegu za zamani yalikuwa na punje ngumu na maganda yaliyofunika gunzi mpaka ncha.

Mambo mawili yalibadilika. Kwanza, mbegu nyingi za chotara zina mavuno makubwa lakini maganda yake hayazibi vizuri nchani, na nyingine punje zake ni laini, kwa hiyo mdudu huingia mahindi yakiwa bado shambani. Pili, alikuja dumuzi. Asili yake ni Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufika 1983 alikuwa amevuka hadi Taveta, Kenya. Fukusi tuliyemzoea hula polepole, lakini dumuzi hutoboa punje, gunzi, hata mbao za kihenge chenyewe, na anachoacha ni unga. Aliyewahi kuinua gunia lililokaa miezi mitano akaliona jepesi kama limejaa pumba anajua ninachosema.

Mfuko unaua wadudu vipi bila dawa?

Unawanyima hewa. Ndani kuna mifuko miwili ya plastiki nene, mmoja ndani ya mwingine, na nje gunia la kawaida la kuhimili mzigo. Ukiufunga sawasawa, wadudu walioingia na mahindi huendelea kupumua mpaka oksijeni iliyomo inakaribia kwisha. Hapo huacha kula na kuzaana. Mdudu huyu hanywi maji. Huyapata kwa kuvunjavunja chakula kwa kutumia oksijeni. Oksijeni ikikosekana, hukauka na kufa.

Ndiyo maana gunia la kawaida lililowekewa karatasi ya nailoni ndani halitoshi. Nailoni nyembamba hupitisha hewa na hutoboka upesi.

## Kukausha

Mahindi yanatakiwa yawe na unyevu kiasi gani kabla ya kuhifadhi?

Usizidi asilimia 13.5. Hicho ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ndicho utakachopimiwa kwenye maghala ya serikali. Mahindi yaliyokomaa tu shambani huwa na asilimia 30 au zaidi, na mengi huvunwa yakiwa kati ya 18 na 25. Safari kutoka hapo hadi 13.5 ndiyo kazi yenyewe, na hakuna mfuko, kihenge wala dawa inayoweza kuifanya kwa niaba yako.

Sina kipima unyevu. Nitajuaje yamekauka?

Mama yangu hung'ata punje. Nilipokuwa mdogo nilimletea konzi ya mahindi kutoka kwenye turubai nikamuuliza, "Mama, haya tayari?" Akang'ata moja, akanipa nyingine ning'ate. "Bado, mwanangu. Imelala chini ya jino. Ikiwa tayari itapasuka." Hadi leo nikisikia punje ikipasuka mdomoni naikumbuka sauti yake. Lakini jino linafaa kujua mahindi mabichi sana. Kutofautisha asilimia 15 na 13 haliwezi, na hapo ndipo kuvu anapopitia.

Kuna kipimo cha chumvi, kisichohitaji fedha. Chukua chupa ya kioo safi, iliyokauka kabisa, yenye mfuniko. Chukua chumvi ya kawaida uliyoianika juani mpaka ikawa kavu kabisa. Jaza mahindi hadi theluthi moja ya chupa, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache chupa itulie kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isipoganda, uko chini ya 15. Anika siku moja au mbili zaidi, kwa sababu lengo letu si 15.

Ukiweza kuchanga na wenzako, nunueni kifaa kidogo cha kupimia unyevu wa hewa, kile chenye namba kwenye kioo. Kitie kwenye mfuko mdogo wa plastiki angavu pamoja na mahindi, funga, subiri robo saa. Kikisoma asilimia 65 au chini, mahindi yamefika. Kimoja kinatosha kikundi kizima.

Nianike wapi, na vipi?

Juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Vimelea vya kuvu hukaa udongoni, na mahindi yanayoanikwa chini huvibeba hadi ghalani. Tandaza tabaka jembamba, upana wa vidole viwili hivi, geuza kila baada ya muda, na kusanya au funika kabla umande haujaanza kushuka. Mahindi yaliyokauka mchana yakaachwa wazi usiku huvuta unyevu upya, na kesho unaanza karibu na ulipoanzia jana.

Jambo moja linalopuuzwa: usipukuchue kwa kuyatia mahindi kwenye gunia na kulipiga kwa fimbo. Punje zinapasuka, na kila ufa ni mlango wa kuvu. Mashine ya kupukuchua, hata ile ya kuzungusha kwa mkono, ikirekebishwa vizuri haivunji punje hovyo.

Nikikausha sana, uzito haupungui? Mnunuzi ananilipa kwa kilo.

Unapungua, na ni haki kulisema waziwazi. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi 13.5 zinabaki kama kilo 92.5. Kilo saba na nusu zilizotoweka ni maji. Soko linalomlipa mkulima bei moja kwa mahindi mabichi na makavu linamwadhibu aliyekausha, na hili linaniuma kuliko kasoro yoyote ya vifaa. Mahali wanunuzi wanapopima unyevu na kulipa tofauti, watu wanakausha bila kuhubiriwa. Kama mnauza kwa kikundi, ombeni kipimo kiwekwe mezani kabla ya mizani.

Huku kwetu tunavuna wakati mvua ikinyesha. Jua litoke wapi?

Hili ni tatizo la kweli. Mkulima wa Rukwa au Ruvuma huvuna kiangazi kikiwa kimeshika, lakini mwenzake wa Trans Nzoia au Uasin Gishu anaweza kukutwa na mvua Oktoba na Novemba, mahindi yakiwa tayari.

Hapa ndipo kikaushio kinapofaa. Vipo vikubwa vya kwenye maghala, vipo vya kukokotwa na gari kufuata wakulima, na vipo vidogo vinavyochoma magunzi kama kuni: feni inasukuma hewa ya moto chini ya kitanda cha mahindi, na kilo 500 zinashuka kutoka asilimia 20 hadi 13.5 kwa saa tatu hivi. Hiki kidogo ndicho ninachokipenda, kwa sababu kuni zake zimetoka kwenye mahindi hayo hayo. Angalizo: moshi usiingie kwenye mahindi, na kama unakausha mbegu, joto lisizidi nyuzi 43, la sivyo unaua kiini na hazitaota.

Nimeshafungia mahindi ambayo hayakukauka. Nifanye nini?

Fungua leo. Mwaka wangu wa kwanza wa kutumia mifuko hii nilifunga minne nikiwa na haraka ya kusafiri, nikajiambia yamekauka ya kutosha. Nilipofungua wa kwanza baada ya wiki sita, harufu ya togwa iliyochacha ilinipiga usoni, na punje za katikati zilishikana mkononi kama uji uliopoa. Ule mfuko uliokuwa umefungwa barabara ndio uliokuwa na hali mbaya kuliko yote. Mfuko unazuia wadudu kupata hewa, lakini pia unauzuia unyevu kutoka.

Kama hazijanuka wala kubadilika rangi, anika upya, chambua, pima kwa chumvi, kisha funga tena. Zilizooza, soma swali kuhusu mahindi mabovu na mifugo hapo chini kabla hujazipeleka popote.

## Kutumia mfuko

Naufungaje ili hewa isiingie?

Kwanza upime mfuko wenyewe. Jaza hewa ndani ya plastiki, sokota mdomo, ubane kama puto ukiwa umeuweka karibu na shavu. Kama pana tundu, utahisi upepo au utausikia ukivuma.

Weka plastiki ya kwanza ndani ya ya pili, na zote ndani ya gunia. Jaza mahindi kidogokidogo ukishindilia ili kusibaki mifuko ya hewa, na acha shingo ya kama sentimita 30 bila mahindi. Sokota shingo ya plastiki ya ndani mpaka iwe ngumu kama kamba, ikunje ijirudie, ifunge kwa kamba imara. Rudia kwa plastiki ya pili, kisha gunia la nje. Watu wengi wanakosea kwenye kusokota: wanakusanya mdomo na kuufunga ukiwa na mikunjo, na hewa inapita kwenye mikunjo hiyo.

Panga mifuko juu ya chaga, isigusane na ukuta, wala isipigwe na jua.

Naweza kufungua mara kwa mara kuchota ya kula?

Ukifungua, unaingiza oksijeni, na wadudu waliobaki hai wanapata nguvu. Vumilia angalau miezi miwili ya kwanza bila kugusa. Baada ya hapo toa ya wiki mbili tatu kwa mkupuo, ufunge upesi. Njia bora ni kuwa na mfuko mmoja wa kulia na mingine ya kungoja.

Unadumu misimu mingapi?

Miwili au mitatu, ukiutunza. Ukikuta tundu kwenye plastiki moja, iliyobaki nzima bado ina kazi. Plastiki yenye matundu mengi usiibandikebandike. Itumie kufunikia kitu kingine.

Nimekuta dumuzi ametoboa plastiki. Je, mfuko haufai?

Dumuzi ana uwezo huo, hasa mwanzoni kabla oksijeni haijaisha. Matundu machache madogo kwa kawaida hayaharibu kazi nzima, kwa sababu kuna tabaka mbili na mahindi yenyewe huziba njia. Kinachosaidia ni kupepeta na kuchekecha kabla ya kujaza ili wadudu wanaoingia wawe wachache, na kufunga siku ile ile.

Na panya?

Panya hutoboa. Mfuko haumzuii; paka, usafi wa ghala na chaga ndivyo vinavyomzuia. Panya wakikushinda, fikiria kihenge cha chuma, ambacho mafundi wa bati waliofunzwa wanaweza kukutengenezea. Bei yake ni kubwa mwanzoni, lakini hudumu miaka mingi.

Naweza kuhifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi?

Usifanye hivyo. Ncha za magunzi hutoboa plastiki, na nafasi kati yake imejaa hewa. Pukuchua kwanza.

Je, gharama inalipa?

Mfuko mmoja ni ghali mara kadhaa kuliko gunia la kawaida, na kwa mwenye magunia 20 hilo si jambo dogo. Faida yake inakuja kwa njia mbili: unachookoa kisiliwe na wadudu, na bei unayopata ukiuza miezi ya njaa badala ya wiki ya mavuno. Kwa mwenye magunia matano ya kula nyumbani, hesabu ni nyepesi zaidi: bila mfuko, mwezi Januari anayanunua dukani yale yale aliyouza Julai, kwa bei ya juu.

Utafiti mmoja uliofanyika Kilosa na Kondoa kwa zaidi ya kaya 1,000 uligawa mifuko kwa baadhi ya kaya kwa kura. Kati ya zilizopata, kaya zenye upungufu mkubwa wa chakula katika msimu wa njaa zilikuwa chache kwa asilimia 38, ukilinganisha na zilizokosa. Mimi naliamini jambo hili kwa sababu nimeliona kwenye sufuria za majirani.

Lakini mfuko haulipi ada ya shule. Mkulima mwenye deni la mbolea na mtoto anayedaiwa Julai atauza Julai, mfuko au la. Ndiyo maana vikundi vinavyochanganya mifuko na akiba na mikopo yao wenyewe vinafika mbali zaidi, na pia mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuweka mahindi ghalani na kupewa risiti unayoweza kukopea, palipo na ghala linaloaminika.

Na ukiuza, uza kwa mizani. Lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo chake, inakula faida yote uliyoipata kwa kukausha na kungoja.

## Sumukuvu

Sumukuvu ni nini hasa?

Ni sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine. Inayojulikana zaidi ni aflatoksini. Iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa mashudu ya karanga kutoka Brazili.

Kwetu haikuishia kwa ndege. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walipoteza maisha. Hayo ni ya sumu nyingi kwa mara moja. Ile ya kidogokidogo, ya kila siku, husababisha saratani ya ini, na hatari huzidi sana kwa mwenye homa ya ini aina B. Chanjo ya homa hiyo imo kwenye chanjo za watoto wachanga, isikose.

Naweza kuiona, kuinusa au kuionja?

Huwezi. Punje yenye ukungu wa kijani ni ya kutiliwa shaka, lakini punje safi machoni inaweza kuwa na sumu, na yenye ukungu isiwe nayo. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, sawa na gramu moja ndani ya magunia 1,000 ya kilo mia. Hakuna jicho la kuona hilo.

Ugali ukiiva vizuri, sumu haifi?

Haifi. Kuvu anakufa kwa moto, sumu aliyoiacha inabaki. Kuchemsha, kukaanga, kuchachusha au kupika pombe hakuiondoi.

Basi nifanye nini jikoni?

Chambua. Sumu haijasambaa sawasawa. Mara nyingi punje chache zimebeba sehemu kubwa, na nyingi ya hizo ni zilizopasuka, zilizosinyaa, zenye rangi au zilizoliwa na wadudu. Ungo na macho ya mtu asiye na haraka hupunguza hatari kuliko watu wanavyodhani. Viwanda vikubwa vina mashine zinazofanya kazi hiyo hiyo kwa kamera: punje inaanguka, kamera inaona rangi, pumzi ya hewa inaisukuma nje.

Kukoboa pia kunapunguza, kwa sababu sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Hapa nashikwa pande mbili, kwa kuwa dona ina virutubisho ambavyo sembe imevipoteza. Ushauri wangu: kama mahindi ni yako na unajua uliyakausha vipi, kula dona kwa amani. Kama hujui yametoka wapi, chambua, koboa.

Uji wa lishe wa mtoto ni salama?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mzazi aulize. Uji wa lishe mara nyingi huchanganya mahindi na karanga, ambavyo vyote viwili hupata sumukuvu kwa urahisi, na mtoto mdogo hula mara kadhaa kwa siku kwa mwili mdogo. Tafiti nyingi zimehusisha sumukuvu na udumavu. Tumia nafaka bora kuliko zote ulizonazo, chambua karanga moja moja, tupa zilizosinyaa au zenye weusi, badilisha kwa ulezi, na usage kidogo kidogo badala ya kusaga ya miezi mitatu. Zile karanga za bei rahisi, zilizobaki baada ya nzuri kuuzwa, zisiwe za mtoto.

Mfuko usiopitisha hewa unaondoa sumu iliyokwisha kuingia?

Hauondoi. Mahindi yakiwa yamekauka vizuri, mfuko unazuia isiongezeke. Sumu iliyotoka shambani utaikuta pale pale.

Kuna namna ya kuizuia tangu shambani?

Ipo. Wataalamu wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, pamoja na wenzao wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walichukua aina za kuvu yule yule, za hapa hapa kwetu, zisizo na uwezo wa kutengeneza sumu, wakazipaka kwenye punje za mtama zilizouawa zisiote na kutiwa rangi ya bluu. Bidhaa hiyo inaitwa Aflasafe. Ilisajiliwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania mwaka 2018. Unamwaga kilo nne kwa ekari wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, baada ya palizi, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu huyu huenea na kumnyima nafasi mwenye sumu, na sumu hupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Kila nchi ina aina zake, kwa hiyo usinunue ya jirani.

Kuwahi kupanda, kutoacha mahindi yakiteseka na ukame ukiweza, na kuvuna kwa wakati kunasaidia pia.

Kipimo cha sumukuvu kinafanyaje kazi?

Cha haraka kinafanana na kile cha malaria: kijikaratasi chenye mistari. Mahindi husagwa, huchanganywa na kimiminika kinachoitoa sumu, kijikaratasi huchovywa, na mashine ndogo husoma kiwango.

Kosa kubwa liko kwenye kuchukua sampuli. Ukipiga bambo (kile chuma chenye ncha cha kutolea punje) gunia moja sehemu moja, unaweza kuzikosa punje chache zenye sumu, ukaambiwa mzigo ni safi. Piga bambo juu, katikati na chini, magunia mengi, changanya, saga yote, ndipo utoe ya kupima. Ukiona mtu anapima konzi moja kwa lori zima, dai irudiwe.

Mahindi mabovu naweza kuwapa kuku au ng'ombe, au kupikia pombe?

Usifanye hivyo. Kuku hudumaa na kufa, na sumu anayokula ng'ombe hupita kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Pombe haiiondoi, kama nilivyosema juu. Mwite afisa ugani au afisa afya akuelekeze namna ya kuyateketeza. Najua ni uchungu kutupa chakula ulichokilimia.

## Soko na mashine

Kwa nini malori ya mahindi huzuiwa mpakani?

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliruhusu tena, kwa masharti, likiwemo cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Tangu hapo, kupima kumekuwa sehemu ya biashara. Mfanyabiashara wa Namanga aliyewahi kukaa siku tatu na lori lililokataliwa sasa anauliza unyevu kabla ya bei.

Unga wenye virutubishi kutoka mashine ya mtaani, ni wa kuaminika?

Tanzania ina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga tangu 2011: madini ya chuma na zinki, foliki asidi na vitamini B12. Viwanda vikubwa viliweza haraka. Mashine ndogo zilikwama kwa kukosa vifaa. Sasa vipo vifaa vinavyofungwa kwenye mashine ndogo, vinavyopima mzigo na kudondosha kirutubishi kwa kiasi kinachostahili. Shirika la Sanku limevifunga kwenye mashine nyingi nchini. Muulize msagishaji akuonyeshe kifaa. Lakini kirutubishi hakiondoi sumu, na kusafisha mahindi kabla ya kusaga bado ni kazi yako.

## Maswali ya nadra

Nilishaweka dawa ya unga kwenye mahindi. Naweza kuyatia kwenye mfuko?

Unaweza, ila hakukuwa na haja ya dawa. Heshimu muda wa kungoja ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kula.

Nahifadhi mbegu, zitaota?

Zikiwa kavu kweli, zitaota. Zikiwa na unyevu, zitakufa upesi kuliko zingekuwa kwenye gunia la kawaida.

Asubuhi naona matone ya maji ndani ya plastiki. Ni nini?

Ama mahindi hayakukauka, ama mfuko unapata jua mchana na baridi usiku: upande uliopoa unakusanya maji. Fungua upime kwa chumvi. Kama yamekauka, hamisha mfuko mahali penye kivuli, mbali na bati na ukuta unaopigwa na jua.

Jirani ananishauri vidonge vya kufukiza. Ninaishi chumba kimoja na magunia yangu.

Usiviweke. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo inaua wadudu na inaua watu. Gesi hupita chini ya mlango na kwenye nyufa za dari hadi chumba cha pili, na wapo waliolala nyumba moja na magunia yaliyofukizwa wasiamke. Ufukizaji ni kazi ya mtaalamu, kwenye ghala lisilo na mtu, chini ya turubai maalumu, na kwa siku zilizopangwa.

Kama vimeshawekwa ndani ya nyumba, toka na watoto sasa hivi, fungua milango ukipita tu bila kusimama, na usirudi kuvitoa mwenyewe. Mwenye kichefuchefu, kifua kubana au kizunguzungu apelekwe hospitali mara moja, na umwambie daktari ni vidonge vya mahindi, ukimpelekea pakiti kama iko nje.